Mkono wa Godelieve Haukuchanjwa

Mkono wa kushoto usiguswe na wembe. Usidungwe sindano, usivalishwe mpira wa kupimia presha, usikandwe kwa kitu cha moto, usibebe ndoo. Hiyo ndiyo sheria ambayo Godelieve alirudi nayo kutoka Bukavu, na kwa miaka mitatu hakuivunja hata siku moja. Sisi wa Baraka tunajua kumsifu mtu anayeshika sheria za kanisa, sheria za ukoo, sheria za msiba. Huyu alishika sheria ya mkono wake mwenyewe, akachukiwa.

Godelieve ni mshonaji. Alizaliwa Kilembwe kwa wakulima, akaja Baraka akiwa bibi wa Placide, ambaye hununua mihogo vijijini na kuipeleka Misisi kwa wachimba dhahabu. Cherehani yake imekaa karibu na soko kwa zaidi ya miaka ishirini, na wanawake wengi wa mji huu wameolewa na kuzikwa katika nguo alizoshona yeye. Nyumbani waliishi parseli moja, yaani kiwanja kimoja, na dada mkubwa wa Placide, Marthe, mjane ambaye hajawahi kukosa misa, wala hajawahi kutoka misani bila neno baya juu ya mtu. Watoto wakubwa walikuwa wameshaondoka. Alibaki binti wa mwisho, Shukuru, msichana mkimya wa miaka kumi na tisa.

Ugonjwa wenyewe haukuwa na siri. Ilikuwa kansa ya titi la kushoto. Huko Bukavu walilikata, wakaondoa na tezi za kwapani, wakampa dawa za dripu hadi nywele zikaisha. Alirudi amekonda, lakini mzima. Mwezi wa tano baada ya kurudi, mkono ukaanza kuvimba. Kwanza pete ilikataa kutoka. Halafu mikono ya gauni ilimbana upande mmoja tu. Kufika Krismasi, mkono wa kushoto ulikuwa mzito kama kitu cha mtu mwingine alichopewa akitunze, na ukiubonyeza kwa kidole, shimo lilibaki.

Akapanda gari tena hadi Bukavu. Mtaalamu wa viungo, ambaye hospitalini wanamwita kine, alimkalisha siku tisa, akimfundisha. Alimweleza kwamba kuna maji ya mwili ambayo zamani yalipita kwapani, na sasa njia yake imekatwa. Maji hayo hayafukuzwi kwa nguvu. Yanaonyeshwa njia nyingine. Akamfundisha kuivuta ngozi taratibu, kwa mkono mwepesi kuliko wa mtu anayempangusa mtoto mchanga usingizini, kuanzia shingoni, kisha kifuani kuelekea kwapa la kulia, na mkono wenyewe mwishoni. Akamfundisha kufunga bendi kutoka vidoleni hadi begani, zikaze chini na kulegea juu. Akamfundisha kupumua kwa tumbo. Akamweleza kwamba kila jeraha kwenye mkono ule ni mlango, kwa sababu mkono usio na tezi hauna askari, na uchafu kidogo ukiingia, mkono unaweza kuoza kwa siku mbili. Mwisho akamwambia: "Nyinyi mna ziwa. Ingia majini mpaka shingoni, utembee, uchezeshe mkono. Maji yanakamua kila upande sawasawa, na hakuna bendi inayoweza hivyo."

Godelieve aliyashika yote. Ni mtu wa kushika. Asubuhi na jioni aliketi kitandani akijivuta ngozi dakika ishirini. Shukuru alimfunga bendi, kwa sababu mtu hawezi kujifunga vizuri kwa mkono mmoja. Kila Jumapili alijipima kwa futi yake ya cherehani, kifundoni, chini ya kiwiko na juu ya kiwiko, akaandika katika daftari lile lile la vipimo vya wateja. Mkono ulianza kupungua. Si haraka. Ulipungua kama mtu mkaidi anavyokubali kosa.

Sasa angalia watu walivyo. Mkono ulipokuwa ukivimba, walimhurumia. Ulipoanza kupungua kwa njia ambayo hawakumpa wao, huruma ilikwisha.

Marthe ndiye alikuwa wa kwanza. Alikuja na sufuria ya majani yaliyochemshwa, mvuke ukitoka.

"Leta mukono, shemeki."

"Hii majani iko ya moto?"

"Sasa dawa ya baridi imeponyeshaka nani?"

"Weka chini. Ikipoa nitaosha nayo miguu."

"Mi natwanga toka asubui, we unaniambia miguu?"

"Nakuambia asante. Na miguu."

Marthe alibeba sufuria yake akaimwaga nyuma ya choo, mbele ya majirani, ili waone. Siku hiyo hiyo mtaa wote ulijua kwamba Godelieve amekataa dawa ya ukoo wa bwana yake.

Kwenye kituo cha afya ilikuwa vile vile. Muuguzi mmoja alitaka kumpima presha upande wa kushoto kwa sababu kiti kimekaa hivyo. Godelieve akavuta mkono. "Ule mwingine," akasema. Muuguzi akamuuliza kama yeye ndiye daktari. Godelieve akamjibu kwamba yeye ndiye mwenye mkono. Alitoka bila kupimwa, na muuguzi akasimulia habari hiyo kwa wagonjwa wote waliobaki kwenye foleni, akiongeza chumvi alipoona haitoshi.

Nasema wazi, mwanamke huyu alikuwa na kosa lake, na sitalificha kwa kuwa aliteswa. Aliamini kwamba ukweli haudai maelezo. Mtu akimwuliza kwa upole, alieleza. Mtu akimwuliza kwa kejeli, alirudisha kejeli mara mbili. Katika mji ambao maneno hutembea haraka kuliko pikipiki, huo si ujasiri. Ni uzembe.

Uzembe huo ulimpata ziwani.

Kila asubuhi, jua likichomoza, Godelieve alikwenda ufukoni mahali mitumbwi yenye mashine inapopakia abiria. Alipachagua kwa akili: penye kelele na petroli mamba hapapendi. Alifungua bendi, akaziviringisha juu ya jiwe, akaingia na kitenge chake mpaka maji yakafika shingoni. Hapo alitembea taratibu, akafungua mikono na kuikunja, akaisukuma mbele na kuirudisha, midomo ikipuliza pumzi ndefu. Nusu saa hivi. Kisha alitoka, akajipangusa, akaangalia mkono mzima kama una mkwaruzo, na kwenda zake.

Mwanamke mmoja tu alimwuliza kama mtu. Huyo ni Zubeda, bibi wa mwenye mitumbwi, ambaye huanika ndagala, dagaa wa ziwa letu, pale pale ufukoni. "Dada, ile unafanyaka mu mayi ni nini?" Godelieve akamweleza yote, tezi, njia, mgandamizo wa maji. Zubeda akasikiliza, akavua viatu, akaingia naye siku mbili kwa ajili ya magoti yake yanayouma. Alisema magoti yalimshukuru.

Wengine walisimama na sufuria zao wakicheka. Na asubuhi moja mmoja wao akapiga kelele: "Mama Godelieve, unaongeaka na nani kule mbali?"

Godelieve akageuza kichwa tu. "Naenda kuona bwana yangu wa mayi. Huyu wa nyumbani anakoroma sana."

Walicheka hata yeye akacheka. Lilikuwa neno la mzaha, na kila aliyekuwepo alilijua ni la mzaha. Lakini kwenye ziwa letu watu husimulia habari za mamba-muntu, kiumbe ambacho wanasema hukaa chini, humpa mtu mali, kisha hudai damu ya ndugu zake. Mtu mzima aliyezaliwa huku kwetu Fizi hachezi na neno hilo mbele ya wanawake ambao hawampendi. Yeye alicheza.

Mwezi wa tatu, mamba akachukua mbuzi wa Marthe.

Marthe alikuwa amemfunga mbuzi huyo kwenye kichaka kando ya maji, mbali na watu, kwa kamba fupi, tangu mchana mpaka jua linakwenda kuzama. Mtoto yeyote wa Baraka angeweza kumwambia kitakachotokea. Lakini mtu aliyefanya upumbavu hutafuta haraka mtu wa kuubeba. Kabla machozi ya kilio hayajakauka, Marthe alikuwa ameuliza swali lake mbele ya watu: kwa nini mamba anamla mbuzi wake, na hamli mtu anayesimama majini kila asubuhi kama nguzo?

Swali hilo lilikuwa na jibu. Mitumbwi, mashine, petroli, watu. Hakuna aliyelitaka.

Wiki iliyofuata Placide alirudi kutoka Misisi na mtu nyuma ya pikipiki. Alikuwa mganga aitwaye Patrice, ambaye huko machimboni huwapiga pembe wachimbaji: huwachanja kwa wembe mgongoni, akaweka pembe ya ng'ombe juu ya chale, akaivuta kwa mdomo, damu ikaganda ndani, akawaonyesha na kusema tazama ugonjwa wako. Mtu mwenye mgongo mzima na damu ya kutosha hupona siku ile ile, maana hakuwa mgonjwa.

Wazee wa ukoo wakaitwa kwenye lubunga, kibanda ambacho wanaume wa kwetu huketi kuamua mambo ya familia. Mambo ya wanawake hayajadiliwi humo mbele ya wanawake, lakini siku hiyo Godelieve aliketishwa katikati, bendi begani, na Marthe akapewa nafasi ya kusema. Zubeda aliitwa kama shahidi, kwa kuwa alikuwa ameonekana majini naye.

"Alisema mwenyewe," Marthe alisema. "Bwana yake wa mayi. Bamama kumi balisikia."

"Nilikuwa nacheka," Godelieve akajibu.

"Na mbuzi yangu pia ilikuwa inacheka?"

Wazee wengine walitabasamu. Godelieve hakutabasamu. "Mbuzi yako ulifunga kwa mulango ya mamba, dada. Kama ungefunga mi pale, mamba angekula mi."

"Hangekula," Marthe akasema. "Hiyo njo maneno tuko nayo hapa."

Mzee mmoja alimgeukia Zubeda, akamwuliza kama aliona kitu chochote majini. Zubeda alijua kila kitu. Alikuwa na maelezo ya kine kichwani, magoti yake yalikuwa ushahidi. Lakini bwana yake hupakia mihogo ya Placide, na yeye mwenyewe alishaona jinsi jicho la Marthe linavyohama kutoka mtu mmoja kwenda mwingine. Akaangalia chini. "Mi niliingia kuosha miguu tu," akasema. "Yake sijue."

Sijui adui aliyemdhuru Godelieve zaidi kuliko rafiki huyu mmoja. Marthe alisema uongo aliotaka kuuamini. Zubeda aliuacha ukweli chini kama ganda la muhogo.

Ndipo Patrice aliposimama. Alikuwa na adabu, hilo sikatai, na sauti ya mtu anayesikilizwa. Alisema mkono umevimba kwa sababu kuna kitu kimehifadhiwa ndani. Atachanja chale saba, kutoka bega hadi kifundo, ataweka pembe, atapaka dawa nyeusi. Damu nyeusi ikitoka, uvimbe utaondoka, na mama huyu atakuwa safi mbele ya ukoo. Akikataa, basi kila mtu ataelewa kinachokatazwa kutoka.

"Na hiyo wembe," Godelieve akauliza, "umechanja nayo bachimbaji ngapi?"

"Naoshaka na pombe."

"We ama wembe?"

Hapo vijana waliosimama nje walicheka, na Placide akapiga goti lake kwa kiganja. "Mama Shukuru," akasema, "ni chale tu. Ndogo. Mi mwenyewe niko nazo. Baba yangu alikuwa nazo. Fanya kwa ajili yangu, tumalize hii maneno."

Nataka msomaji aelewe vizuri alichojibu Godelieve, kwa sababu mtaani wanasimulia kwamba alitukana mila. Hakutukana. Kwa mara ya kwanza tangu arudi Bukavu aliacha kejeli, akaeleza kwa utaratibu habari ya tezi, habari ya mlango na uchafu, habari ya wagonjwa wawili aliowaona hospitalini, mikono yao imewaka nyekundu kwa homa baada ya kuchanjwa, mmoja wao akafa. Kisha akanyoosha mkono wa kulia.

"Mi sikatale mila ya bwana yangu. Chanja huu. Chanja muguu, chanja mugongo, chanja kichwa kama unataka. Chale makumi mawili, na leta wembe mupya nitashukuru. Mukono wa kushoto, hapana."

Wazee wakainamiana kunong'ona. Mmoja alisema polepole kwamba maneno hayo si mabaya. Kama Placide angesimama wakati huo, mambo yangekwisha. Mlango ulikuwa wazi mbele yake, alihitaji hatua moja tu. Lakini Patrice akatikisa kichwa, akasema dawa hufuata uvimbe, haiendi mahali pengine, na Marthe akapiga makofi mara moja. "Munaona? Anatoa mwili wote. Ule mukono anakatala. Bwana yake iko mule."

Placide aliwaangalia wazee, akamwangalia dada yake, na bibi yake akawa wa mwisho. Hapo kila mtu alijua. Mtu anayetafuta ruhusa ya kufanya haki ameshakataa kuifanya.

"Chagua," akamwambia. "Mukono ama nyumba."

"Nyumba gani?" Godelieve akauliza. "Ile niliyoshonea mabati?"

"Ile iko ya baba yangu."

"Basi baba yako alale ndani."

Alisimama, akatoka. Hakuna aliyemzuia. Alikusanya bendi zake nane, gauni chache, daftari la vipimo na cherehani, akapakia kwenye mkokoteni, akapanga chumba kimoja nyuma ya soko. Shukuru alisimama mlangoni akitazama. Mama yake alimwambia: "Njoo." Shangazi yake alimwambia kwamba akimfuata, hakuna kijana wa ukoo mwema atakayeoa mtoto wa mwanamke wa majini. Shukuru alikuwa na mchumba Uvira. Hakutoka.

Patrice alirudi Misisi na jogoo wawili, kwa kazi ambayo hakuifanya.

Siku ya nne Zubeda alifika chumbani na sahani ya ndagala kavu. Godelieve alikuwa akijifunza kufunga bendi peke yake, ncha moja ameibana kwa meno. Zubeda akaweka sahani, akanyoosha mikono amsaidie.

"Usiniguse," Godelieve akasema, bendi ikiwa bado mdomoni.

"Dada, unajua bwana yangu na Placide beko na kazi pamoja. Ningesema nini?"

"Ungesema magoti yako inaumaka."

"Unanihukumu."

"Hapana. Niko nakupima. Hiyo njo kazi yangu." Akakaza bendi kwa meno. "Beba samaki yako. Ukiacha hapa, kesho utasema ni mi nilikuomba."

Zubeda alibeba sahani akaondoka. Anasema hata leo kwamba Godelieve ana roho ngumu. Ni kweli, anayo. Roho laini haingeweza kukaa katika kibanda kile na mkono uliofungwa huku ikiwa imezungukwa na watu kumi na watano.

Bado anakwenda ziwani kila asubuhi. Wanawake hutoa sufuria zao majini anapoingia, wakazirudisha akitoka. Wateja wa nguo za harusi wamepungua; wanaogopa sindano yake. Wamebaki Wabembe wa milimani wasiojua habari, wauguzi wawili wapya, na wake za askari. Jumapili anajipima. Kati ya mkono wa kushoto na wa kulia tofauti sasa ni sentimita mbili juu ya kiwiko, na kifundoni hakuna. Hajapata homa ya mkono hata mara moja. Mwaka uliopita, kule Misisi, mwanamke mwingine aliyekatwa titi alikubali pembe ya Patrice. Alizikwa siku ya kumi na moja. Ukoo ukasema ni mapenzi ya Mungu, na Patrice alikuwa msibani akila.

Shukuru aliolewa mwezi wa nane. Placide alimpeleka mwenyewe, Marthe akaketi kwenye kiti cha mama, na gauni lilinunuliwa Uvira, limeshonwa na mtu asiyejulikana. Godelieve hakualikwa.

Mkono upo, unashona. Ulimgharimu bwana wa miaka ishirini na sita, nyumba aliyoiezeka kwa kazi yake, na mtoto wake wa mwisho, ambaye akija Baraka na kumwona sokoni huvuka barabara.